Mtoto Aliyesemewa

"Jina lako nani?" mwalimu mkuu wa chekechea aliuliza.

"Anaitwa Babu," Wakili alijibu haraka. "Amepewa jina la baba yake baba, ndiyo maana tunamwita Babu. Ana miaka minne. Hapendi kukaa mbele, anapenda karibu na dirisha."

"Sijakuuliza wewe, mwanangu. Nimemuuliza yeye."

Wakili, binti wa miaka sita aliyepata jina hilo la utani kwa ajili ya mdomo wake, alibana midomo kama mtu aliyebeba maji kinywani. Babu alisimama kati ya dada yake na magoti ya mama yao. Alivaa kaptula mpya ya sare, yenye pindo pana la kuteremshwa akirefuka. Mama yake ndiye aliyeishona. Sare zote za chekechea ile zilipita chini ya sindano yake. Alizileta zikiwa zimepigwa pasi na kufungwa kwa kamba, akazikabidhi mlangoni, akarudi zake. Leo kwa mara ya kwanza alikuwa amekaribishwa kiti.

Mwalimu akainua kibao cha kufundishia. "Hii ni rangi gani, Babu?"

Babu akamtazama Wakili. Wakili akatazama dari. Akasimama kwa mguu mmoja, akabadilisha, akajishika shingo.

"Nyekundu!" Neno lilimponyoka. "Samahani, mwalimu. Limetoka lenyewe."

Mwalimu alicheka kidogo, akamtoa nje, akafunga mlango. Kisha akapiga magoti mbele ya Babu, akauliza tena kwa upole, jina, rangi, mama yako yuko wapi. Hakuwa mwanamke mbaya. Babu alimsikiliza kwa makini, uso wake mzito kama wa mzee anayesikiliza kesi. Halafu akageuka kuutazama mlango uliofungwa. Dirishani kichwa cha Wakili kilikuwa kikichomoza na kuzama, kikichomoza na kuzama, mkono ukionyesha chini.

Mama hakuelewa mpaka alipoona zulia la ofisi likilowa.

Alivua kitambaa chake cha kichwa, akapiga magoti na kufuta. Mwalimu alisema acha mama, mhudumu atafuta, lakini hakusema kwa nguvu. Mama akafuta mpaka kitambaa kikalowa, akakikunja, akakitia ndani ya mkoba wake pamoja na futi ya kupimia nguo.

"Mama, wewe ni mtu wetu," mwalimu alisema. "Kazi yako tunaipenda. Lakini darasa limejaa watoto. Mtoto asiyeweza kusema anataka kwenda msalani, nitamwekaje? Miaka minne, na hajasema hata 'mama'?"

"Hajasema."

"Ipo shule ya bweni ya watoto wasiosema. Ni mbali, lakini wanawatunza. Mlezi wao hupita na gari kuwakusanya kabla ya muhula. Atapita Jumapili. Nimwambie afike kwenu?"

"Nitazungumza na baba yao," mama alisema, kwa sababu hilo ndilo jibu ambalo mwanamke aliyefuta zulia la watu anaweza kulitoa akiwa bado na heshima yake.

Njiani Wakili alilia. "Alikuwa anataka kukojoa, mama. Nilijua. Nilikuwa nakwambia dirishani."

"Najua, mwanangu."

"Sasa kwa nini walinitoa?"

*

Nyumba yao ilikuwa ya vyumba viwili na kibaraza. Kibarazani palikaa cherehani. Ndani palikaa watu tisa, na ukisimama barabarani ungedhani ni tisini.

Utaratibu wa nyumba ile ulianza bila mtu kuupanga. Mzaliwa wa kwanza alikuwa binti, wakamwita Dada hata kabla hajapata mdogo. Alipozaliwa wa pili, mama alikuwa na rundo la nguo za watu, na siku mtoto alipoweza kuketi bila kushikiliwa, alimweka mapajani mwa Dada na kumwambia: "Huyu ni wako. Akihitaji kitu, wewe ndiye wa kutuambia." Dada, ambaye hakuwa mkubwa kuliko mto wa kulalia, aliichukua kazi hiyo kama kiapo. Mtoto yule akakua na sauti ya kuamsha mtaa, wakamwita Kipaza. Kipaza naye akakabidhiwa pacha wawili, mmoja kila mkono. Pacha wakakabidhiwa Wakili, wakawa wanamgombania mpaka leo. Wakili akakabidhiwa Babu. Na sasa alikuwepo wa saba, msichana ambaye mama alimwita Kitinda, kwa matumaini.

Basi hapakuwa na mtu aliyejisemea. Kila mmoja alimsemea wa chini yake.

"Kipaza bado ana njaa," Dada alisema jioni ile, wakiwa mkekani mbele ya sinia.

"Sina njaa," Kipaza alisema.

"Unayo. Nakujua."

"Pacha huyu kaficha nyama chini ya wali," Kipaza alitangaza.

"Wakili hataki maharage," pacha walisema kwa pamoja, kisha wakatazamana kwa hasira kwa kuwa kila mmoja alitaka kusema peke yake.

"Babu anataka kijiko cha bluu," Wakili alisema. "Sio hicho. Hicho kinamgonga jino. Na baba amkalie mbali kidogo, ananuka moshi."

Babu alipewa kijiko cha bluu. Baba akasogea. Babu akala, ametulia, kama mfalme katikati ya mawaziri.

Baba yao alikuwa mchomeleaji wa milango na madirisha ya chuma. Miaka mingi ya nyundo na mashine ya kusagia chuma ilikuwa imekula masikio yake, hata akaongea nyumbani kama mtu anayeita ng'ambo ya mto. Usiri haukumwezekana. Alipotaka kusema jambo la faragha na mkewe, ilimbidi amtoe nje, na hata huko majirani walizima redio ili wafaidi.

"Jumapili!" alisema siku hiyo nyuma ya nyumba. "Basi aende! Watamfundisha kusema kwa mikono! Atapata ufundi!"

"Punguza sauti, baba watoto. Ana miaka minne. Nani atamjua akiwa na homa?"

"Huko wanajua kazi yao! Sisi tunajua nini? Watu wanasema!"

"Watu gani?"

Baba aliwakumbuka. Juzi, karakanani, mwenzake alikuwa amevua barakoa ya kuchomelea na kusema mbele ya wateja, "Kiziwi kazaa bubu! Hiyo nyumba nani anasikiliza taarifa ya habari, nani anasimulia?" Watu walicheka. Yeye pia alicheka, maana alisikia nusu tu ya maneno. Nusu nyingine aliambiwa na vicheko vyao.

"Ni mimi," alisema sasa, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilishuka yenyewe. "Chuma kimeniharibu masikio, na ubovu nimemrithisha yeye."

"Masikio hayarithiwi kama shamba," mkewe alimwambia. "Kabla hujampandisha mwanangu kwenye gari la mtu, apimwe. Nikishajua, sitakuzuia."

*

Daktari wa masikio alikuwa kijana mwenye miwani na mikono baridi. Alimkalisha Babu kwenye kiti kinachozunguka, akamulika sikio moja, akamulika la pili, akamwambia atoe ulimi, Babu akautoa mara moja. Akaenda nyuma yake na kutikisa funguo, Babu akageuka. Akaenda pembeni kabisa ya chumba, akauficha mdomo kwa faili, akanong'ona, "Nani anataka pipi?" Babu alishageuka na mkono ameunyoosha.

Mama akafumba macho. Midomo yake ikacheza bila sauti, na waliokaa naye walijua anazungumza na nani.

"Anasikia kuliko mimi," daktari alisema. "Koo lake zima. Ulimi wake mzima. Babu, unataka ya rangi gani?"

"Ya kijani," Wakili alisema. "Lakini ataila baadaye. Sasa anataka umzungushe kwenye kiti. Taratibu lakini, kesho yake hutapika akizungushwa sana. Na dirisha lifungwe, upepo unampiga mgongoni."

Daktari alilifunga dirisha, akamzungusha Babu taratibu, kisha akasimama ghafla katikati ya ofisi yake kama mtu aliyeulizwa kitu barabarani.

"Nyumbani mko wangapi?"

"Saba," mama alisema. "Watoto saba."

"Na wote wako hivi?" Alimwonyesha Wakili kwa kalamu.

"Huyu ndiye mpole!" baba alisema.

Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Alipoivaa tena hakuwa anacheka. "Sikilizeni. Siwezi kuapa. Huenda lipo jambo ambalo sijaliona, na mkirudi tutatazama zaidi. Lakini naona hivi: ningekuwa na mtu wa kuniletea kila kitu kabla sijakitaka, mimi mwenyewe nisingejifunza hata kutembea. Mtoto huyu hajawahi kuhitaji neno. Nyamazeni. Msimjibie. Msimpe mpaka aombe."

"Mpaka lini?"

"Mpaka aombe."

Baba alitazama kuta. Zilikuwa na picha za masikio yaliyokatwa katikati kama vitunguu. "Jumapili gari linakuja," alisema.

"Basi mna mpaka Jumapili," daktari alisema.

*

Amri ilitangazwa jioni hiyo hiyo, na mtaa mzima uliisikia. Hakuna kumsemea Babu. Hakuna kumkisia. Atakayevunja amri atafua nepi za Kitinda.

Kipaza alianguka kabla ya chai ya asubuhi, akafua. Pacha walianguka kwa pamoja, wakafua. Dada aliponea chupuchupu kwa kujiziba mdomo na mkate. Waliogopa kusema lolote, maana katika nyumba ile maneno yalikuwa yameshikana kama mnyororo, ukivuta moja unalivuta lingine. Kwa hiyo wakaacha kusema kabisa.

Ilikuwa ajabu kuiona nyumba ile imenyamaza. Jirani alichungulia juu ya uzio. "Mama saba, kulikoni? Kuna msiba?"

"Hakuna, jirani. Tunasikiliza."

"Mnasikiliza nini?"

"Bado hatujakisikia."

Baba aliporudi kutoka kazini aliketi kwenye ngazi ya kibaraza, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi alisikia cherehani la mkewe. Alikuwa akiliona kila siku, gurudumu likizunguka, mguu ukipanda na kushuka, lakini sauti yake alikuwa ameisahau. Ilikuwa sauti ndogo, ya haraka, kama mvua inayoanza juu ya bati. Aliketi akiisikiliza. Hakuingia ndani mpaka alipoitwa kula, na alipoitwa aliona haya, kama mtu aliyekutwa mahali pa sala.

Lakini Babu hakusema.

Siku ya kwanza alisimama kando ya mtungi na kikombe chake, akamtazama Wakili. Wakili alikalia mikono yake miwili na machozi yakimtiririka. Babu akaelekeza kwa kidole. Hakuna aliyeamka. Akamvuta mama upindo wa gauni. Mama alisema, "Sema, mwanangu. Unataka nini?" Babu aliwazungushia macho mmoja mmoja, mama, Dada, Kipaza, pacha, kwa mshangao mkubwa, kama mtu aliyerudi kutoka safari akakuta watu wengine ndani ya nyumba yake. Mwishowe aliburuta kigoda, akapanda, akajichotea mwenyewe. Nusu ya maji ilimwagika kifuani.

Siku iliyofuata hakuelekeza tena kidole. Alijichotea maji, akajitafutia kijiko. Akajifunza kufungua mlango wa chooni kwa kijiti. Kila lililomshinda, aliliacha. Kama chakula kilikuwa mbali, hakula.

"Hasemi, na sasa haombi hata kwa macho," mama alimwambia baba. "Tumemfundisha kutotuhitaji."

Wakili ndiye aliyeumia kuliko wote. Kipaza alisema amevimba kwa maneno, akichomwa pini atapasuka. Mama alimkuta nyuma ya choo, amesimama uso ukitazama ukuta, akiuambia ukuta polepole: "Anataka kijiko cha bluu. Shati linamwasha shingoni. Anataka nimshike mkono mpaka alale. Hamumpendi tena, ndivyo anavyofikiri. Mwambieni sio kweli."

Mama alirudi kwenye cherehani bila kuonekana. Akaendesha gurudumu, na chini ya sauti yake akaomba. "Mungu wangu, hata mlango wangu mbovu umeupa sauti ya kulia ukifunguliwa. Huyu umemtia masikio, umemtia ulimi. Sikuombi muujiza mkubwa. Neno moja tu, hata likiwa la kunitukana."

*

Jumamosi, Kitinda aliketi.

Alikuwa akijaribu wiki nzima, akianguka huku na huku kama gunia lililojaa nusu. Asubuhi ile mama alimweka mkekani ageuke kuchukua uzi, na alipogeuka tena mtoto alikuwa ameketi wima, mikono hewani, anatazama dunia kutoka huko juu alikofika. Hakuna aliyemgusa. Watoto walikusanyika, amri ikasahaulika, nyumba ikalipuka kwa vigelegele. Mama alikuwa ameshaona watoto sita wakiketi, na bado alishika kifua. Jana alikuwa furushi, leo alikuwa mtu aliyekaa. Nani aliuambia uti wa mgongo kwamba siku imefika?

Vigelegele vilipokwisha, macho yote yakamgeukia Babu, kisha yakakimbia. Mtoto akiketi, hukabidhiwa aliye juu yake. Ilikuwa zamu ya Babu.

"Apewe Wakili," Dada alisema taratibu. "Wakili atakuwa hana mtu kesho."

Baba alikuwa anakaza bawaba za sanduku la bati alilolitengeneza mwenyewe kwa safari ya mwanawe. Alilipaka rangi ya bluu. "Ndiyo, apewe Wakili!" alisema. "Mtoto anaondoka, mnampa wa nini? Kumwongezea uchungu!"

"Simtaki," Wakili alisema. Kila mtu akashangaa. "Sio wangu. Mimi wangu ni Babu, hata akienda."

Mama alisimama katikati ya chumba, Kitinda mikononi. Halafu akaenda kwenye kona alikoketi Babu, ameegemea ukuta, miguu ameinyoosha.

"Mama watoto, hawezi hata kusema mtoto akilia!" baba alisema.

"Zamu ni zamu," mama alisema. "Sikumruka yeyote. Huyu nimruke kwa kosa gani?"

Akamweka Kitinda mapajani mwa Babu. Akamshika mkono mmoja, akauzungusha kiunoni mwa mtoto, akamshika wa pili. "Huyu ni wako," alimwambia. "Akihitaji kitu, wewe ndiye wa kutuambia."

Babu alikitazama kile kichwa kidogo chini ya kidevu chake. Alikinusa. Kisha akamtazama mama kwa uso ule mzito wa mzee, muda mrefu hata mama akahisi kwamba anahojiwa yeye. Siku nzima hakumwachia. Alipolala, alilala na kidole chake kimefungwa ndani ya ngumi ya Kitinda, na walipojaribu kukitoa aliunguruma.

*

Jumapili mama aliamka akafua pazia la chumba cha ndani, maana hakutaka mgeni akute nyumba chafu. Akalianika uani. Babu alivikwa ile kaptula ya sare ya chekechea, kwa kuwa ndiyo nguo mpya pekee aliyokuwa nayo, na sanduku la bluu likawekwa mlangoni.

Gari lilifika mchana. Mlezi wa bweni alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye kofia aliyoishika mkononi. Ndani ya gari palikuwa na watoto wengine wameketi kimya. Mama aliwaona kupitia kioo.

"Karibu! Kaa!" baba alipaza sauti.

"Ahsante, ndugu yangu, sina muda. Njia ni ndefu. Huyu ndiye?"

"Siye. Huyu ni pacha," Kipaza alisema.

"Anayekwenda yuko ndani," Dada alisema. "Yuko na Kitinda."

Hapo ndipo Kitinda alipoanza kulia. Kilikuwa kilio kikali cha mtoto aliyechoka kusubiri. Mama aliingia ndani, akamkuta juu ya kitanda chini ya dirisha, Babu amekaa pembeni yake. Akampakata, akamwekea ziwa. Kitinda akalikataa. Akamlaza tena, akamgusa paji la uso. Watoto wote wakamiminika chumbani, na baba nyuma yao, na mgeni mlangoni na kofia yake. Amri ya kunyamaza haikuwa na maana tena, safari ilikuwa imefika. Kwa hiyo wakasema wote.

"Meno hayo! Nilisema anaota meno!"

"Ana usingizi."

"Tumbo. Mgeuze alalie tumbo."

"Analia kwa sababu Babu anaondoka," Wakili alisema, naye akaanza kulia.

"Mpe maji!" baba alisema.

"Haiwezekani, bado ananyonya—" mama alianza.

"Meno, nasema!"

Mama alimgeuza, akambeba, akamlaza. Kitinda akapiga kelele mpaka uso ukawa mwekundu. Babu alikuwa amesimama juu ya kitanda sasa. Alimtazama Dada akisema meno. Alimtazama Kipaza akisema tumbo. Paji lake la uso likakunjamana kwa hasira, hasira ya mtu anayesikia shauri lake likiharibiwa mahakamani na watu wasiolijua. Akapiga mguu chini.

"Jua!"

Ilikuwa sauti nene, yenye mikwaruzo, kama ya bawaba ya lango ambalo halijafunguliwa siku nyingi. Haikuwa sauti waliyowahi kuiwazia. Kila mtu chumbani alidhani mwingine ndiye aliyesema.

"Jua linamchoma," Babu alisema. "Machoni."

Ndipo walipoona. Dirisha halikuwa na pazia. Jua la mchana lilikuwa limeshuka kupitia vyuma alivyovichomelea baba mwenyewe, likakaa juu ya uso wa Kitinda, na kila mama alipomlaza tena, alimlaza palepale.

Hakuna aliyesogea. Dada alikuwa ameshika mdomo kwa mikono miwili. Mama alipiga magoti polepole kando ya kitanda, kama watu wanavyopiga magoti mahali ambapo hawajaalikwa.

Baba peke yake alizungusha kichwa kumtazama huyu na yule. Aliona nyuso zao, hakusikia sababu. "Nini?" aliuliza. "Kuna nini? Nani kasema?"

Watoto watano walikuwa na jibu. Lilikuwa limewajaa mpaka shingoni. Kipaza alifungua mdomo. Wakili akamrukia, akamziba kwa kiganja, na kwa kiganja kingine akajiziba mwenyewe. Kitinda alilia. Hakuna aliyemjibu baba.

Babu alingoja kidogo, akaona kwamba watu hawa hawana msaada. Akatembea juu ya godoro mpaka ukingoni, akamshika baba yake shati kifuani kwa mikono miwili, akamvuta mpaka sikio likafika karibu na mdomo wake.

"Baba," alisema kwa nguvu, "jua linamchoma mtoto wangu."

Mgeni mlangoni aliivaa kofia yake, kisha akaivua tena. Baadaye kidogo alirudi nyuma, akaliinua lile sanduku la bluu kutoka mlangoni, akaliingiza ndani na kuliweka ukutani, taratibu, lisigonge.

Baba alikuwa bado ameinama. Alibaki hivyo, sikio lake limeelekea mdomo wa mwanawe, kama anayengoja kuambiwa mengine. Kisha akaenda dirishani. Hakwenda kutafuta pazia, wala hakumtuma mtu. Alisimama mwenyewe mbele ya dirisha, mikono ameiweka huku na huku ya fremu, mgongo wake mpana umepokea jua lote, na kivuli chake kikaanguka juu ya kitanda. Kitinda akakwama katikati ya kilio, akapepesa macho, akahema.

"Hapa?" baba aliuliza. Aliuliza kwa sauti ndogo kabisa, hakujua kwamba anayo sauti ndogo kiasi hicho.

Babu alimtazama mtoto wake. Mstari mwembamba wa mwanga ulikuwa bado sikioni.

"Sogea kidogo," alisema.

Baba akasogea.